KDP ya Amazon: ile asilimia 70 ina masharti mengi kuliko tangazo lake

Kindle Direct Publishing, KDP kwa kifupi, ni huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu. Haitozi ada ya kujiunga, haidai mhariri wala wakala, na kitabu cha maandishi matupu kwa kawaida huwa dukani ndani ya siku tatu. Katika hilo haina mpinzani wa maana. Kazi ya kweli iko kwenye ukurasa wa tatu wa fomu yake, ule wa bei. Waandishi wengi huupita haraka kwa kubofya mrabaha (sehemu ya bei inayomfikia mwandishi) wa asilimia 70, kisha baada ya miezi miwili wanashangaa mrabaha ulioingia. Tunaipa huduma hii nyota tatu kati ya tano. Nyota mbili zilizokosekana zimebaki kwenye ukurasa huo.

Mlango wa asilimia 70 ni mwembamba. Bei yako kwa Marekani lazima iwe kati ya dola 2.99 na 9.99, chini au juu ya hapo unapata asilimia 35. Chukua riwaya yenye faili la megabaiti 1. Ukiiuza kwa dola 2.99, Amazon inakata kwanza senti 15 za kusafirisha faili, kisha unapata asilimia 70 ya dola 2.84, yaani karibu dola 1.99. Kwa dola 0.99 unabaki na senti 35, kwa hiyo unahitaji wanunuzi sita ili umfikie yule mmoja wa 2.99. Upande wa juu ni mkali zaidi. Kwa 9.99 unapata dola 6.89. Panda hadi 10.99 na mrabaha unaanguka hadi 3.85, ili urudi pale ulipokuwa, itakubidi uuze kwa karibu dola 19.70. Ndiyo maana vitabu vya waandishi wanaojichapishia ni nadra kuwa na bei ya dola 11 au 14. Si kwamba havistahili, ila hesabu haikubali.

Kiwango hicho cha 9.99 hakikuokotwa njiani. Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu vya kielektroniki, kilipotoka Novemba 2007, Amazon iliuza vitabu vipya vinavyovuma kwa dola 9.99, huku ikiwalipa wachapishaji karibu dola 12 au 13 kwa nakala. Ilikubali hasara ili msomaji azoee bei hiyo. Wachapishaji wakubwa waliogopa kwamba mazoea hayo yangekuja kuua bei ya kitabu cha jalada gumu. Tarehe 20 Januari 2010 Amazon ilitangaza mrabaha wa asilimia 70 kwa wanaojichapishia, mara mbili ya ule wa awali, kwa sharti la kubaki ndani ya 2.99 na 9.99. Wiki moja baadaye Apple ikaonyesha iPad. Hachette, HarperCollins, Macmillan, Penguin na Simon & Schuster wakakubaliana na Apple kuhusu mfumo wa uwakala: mchapishaji anapanga bei, duka linachukua asilimia 30, na bei za vitabu vipya zikapanda hadi 12.99 na 14.99. Serikali ya Marekani iliwashtaki wao na Apple Aprili 2012, kwa kula njama ya kupandisha bei. Wachapishaji wote watano walimalizana nayo nje ya hukumu. Apple ilikataa, ikashindwa mbele ya Jaji Denise Cote Julai 2013, ikashindwa tena kwenye rufaa mwaka 2015, na hatimaye ikalipa dola milioni 450.

Lakini uwakala wenyewe haukupigwa marufuku. Kosa lilikuwa njama. Wachapishaji wakubwa waliurudia katika mikataba mipya kuanzia mwisho wa 2014, na leo kwenye kurasa za vitabu vyao Amazon hukuandikia kwamba bei imepangwa na mchapishaji, kana kwamba inanawa mikono. Matokeo yake ni soko la ngazi mbili: vitabu vya majina makubwa kwa dola 14.99, na wewe chini ya dari la 9.99. Kwa mwandishi asiyejulikana hiyo si balaa. Ni pengo la bei unaloweza kulitumia, na riwaya ya dola 3.99 hadi 5.99 hukaa vizuri ndani yake.

Sasa yale yanayoharibu mrabaha kimyakimya.

La kwanza ni uzito wa faili. Senti 15 kwa kila megabaiti ni kitu kidogo kwa riwaya, lakini ni pigo kwa kitabu cha watoto chenye picha. Faili la megabaiti 20 linakatwa dola 3. Ukilipangia bei ya 4.99 kwa asilimia 70, unapata dola 1.39. Chagua asilimia 35, ambayo haina makato ya usafirishaji, na kitabu kilekile kwa bei ileile kinakupa 1.75. Kanuni ya haraka: zidisha megabaiti kwa 0.30, jibu likizidi bei yako, chagua 35. Tumia uzito unaoonyeshwa na KDP kwenye ukurasa wa bei baada ya faili kugeuzwa, usitumie ule wa kompyuta yako. Kabla ya kufika huko, punguza picha na uzihifadhi kama JPEG. Picha ya PNG iliyopigwa kwa skana huongeza megabaiti bila msomaji kuona tofauti. Jua pia kwamba kwa asilimia 35 bei ya chini hupanda na uzito: dola 0.99 hadi megabaiti 3, dola 1.99 kuanzia 3 hadi 10, na dola 2.99 kwa faili zito zaidi ya hapo.

La pili ni anakoishi mnunuzi. Asilimia 70 hulipwa kwa mauzo ya nchi zilizoorodheshwa tu, zikiwemo Marekani, Kanada, Uingereza, Australia na nchi nyingi za Ulaya Magharibi. Kenya na Tanzania hazimo. Msomaji wa Nairobi akinunua kitabu cha dola 2.99 unapata karibu dola 1.05, hata kama ulichagua 70. Kwa Brazili, Japani, Meksiko na India unapata 70 ikiwa tu umejiunga na KDP Select, mpango wa kuuza toleo la kielektroniki Amazon pekee. Kwa Kiswahili basi, asilimia 70 ni ya wasomaji wa ughaibuni: Minnesota, London, Berlin. Na ukiweka bei ya Ulaya, usiiachie mashine igeuze dola kuwa euro yenyewe. Andika kwa mkono namba iliyo ndani ya euro 2.69 na 9.99, au pauni 1.77 na 9.99, na ukumbuke kwamba anayolipa msomaji wa Ujerumani ina kodi ya ongezeko la thamani ndani yake.

La tatu ni kitabu cha karatasi. Ili upate 70, toleo la kielektroniki lazima liwe rahisi kwa angalau asilimia 20 kuliko toleo la karatasi la bei ya chini kabisa. Kwa mchapishaji wa New York hilo ni jambo dogo. Kwa kitabu kinachouzwa Dar es Salaam kwa shilingi 8,000, tukichukua shilingi 2,600 kwa dola, bei ni kama dola 3.08, na asilimia 80 yake ni 2.46, chini ya ile 2.99 ya lazima. Kitabu hicho hakiwezi kutimiza masharti yote mawili kwa pamoja. Sheria hii iliandikwa na mtu asiyewahi kuuliza bei ya kitabu Kariakoo.

La nne, na ndilo linalotukera zaidi, ni kulinganisha bei. Mkataba unataka bei yako Amazon isizidi ile uliyoweka duka lingine. Tuseme kitabu ni dola 4.99, nawe umekiweka Kobo kwa 1.99 kwa wiki ya ofa, kisha ukasahau kurudisha. Amazon ikigundua, inakishusha hadi 1.99, na mrabaha wako wa 70 unahesabiwa kwa bei hiyo mpya: dola 1.29 badala ya 3.39. Dawa ni kuweka tarehe ya mwisho ya ofa kwenye mfumo wa duka husika, si kichwani mwako. Tume ya Ulaya ilichunguza vifungu vya aina hii katika mikataba ya Amazon na wachapishaji wa vitabu vya kielektroniki, na mwaka 2017 kampuni ikaahidi kutovitekeleza huko kwa miaka mitano.

KDP Select inastahili tahadhari yake. Kwa siku 90 zinazojirudia zenyewe usipoondoa alama, toleo la kielektroniki haliruhusiwi kuuzwa popote pengine. Hapo waandishi wetu wengi hunaswa, kwa kuwa wanauza PDF kwa WhatsApp baada ya malipo ya M-Pesa. Hiyo ni kuvunja mkataba; karatasi inaruhusiwa, na sampuli isiyozidi asilimia 10. Badala yake kitabu kinaingia Kindle Unlimited, ambako msomaji hulipa kwa mwezi na kusoma atakavyo, na unalipwa kwa kurasa zilizosomwa, kwa kawaida kati ya senti 0.4 na 0.5 ya dola kwa ukurasa. Kurasa 250 zikisomwa zote ni kama dola 1 na senti kidogo. Inalipa kwa mfululizo wa riwaya za mapenzi kwa Kiingereza. Kwa diwani ya mashairi ya Kiswahili, hapana.

Kodi ya zuio nayo haikwepeki. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo mrabaha unaohesabiwa kuwa wa Marekani hukatwa asilimia 30: ile dola 1.99 ya mwanzo inakuwa 1.39. Malipo hufika takriban siku 60 baada ya mwezi wa mauzo kuisha. Kabla ya yote fungua orodha ya lugha zinazokubaliwa na KDP, uone kama ya kitabu chako imo. Kuchagua lugha isiyo ya kitabu ili upite ni kuomba kizuiwe.

Washindani? Kobo inatoa 70 kuanzia dola 2.99 bila dari, kwa hiyo kitabu cha kiada cha dola 15 kiko salama zaidi pale. Apple hutoa 70 bila kujali bei. Draft2Digital itakusambazia kwenye maduka hayo na mengine kwa takriban asilimia 10 ya bei ya rejareja, nafuu kwa asiye na muda wa kufungua akaunti nne. Riwaya yako ikiwa na wasomaji ughaibuni, iweke KDP bila Select, dola 3.99 au 4.99, na maduka mengine kwa bei ileile. Kitabu cha picha, au kile ambacho wasomaji wake wako Mwanza na Kisumu, kiuze kwa simu.