Ziara ya siku moja Kageye: uzoefu wangu

Miaka kumi na moja niko Mwanza, na wageni wangu wote huishia Mwamba wa Bismarck na makumbusho ya Bujora. Safari hii dada alipokuja kutoka kwetu Bagamoyo, tukamkodi mwongoza watalii atupeleke Kageye, kando ya Ziwa Victoria, wilayani Magu. Shilingi 70,000 kwa watu wawili, pamoja na gari. Tulikubaliana saa moja asubuhi. Gari likafika saa tatu kasoro, bila simu wala samahani. Kwa hilo nawakata nyota moja.

Lakini Kageye yenyewe! Ukifika unaona kijiji cha wavuvi: dagaa wameanikwa, watoto wanaogelea. Hapo ndipo Henry Morton Stanley, mpelelezi Mzungu, alipofikia tarehe 27 Februari 1875, baada ya siku zaidi ya 100 tangu Bagamoyo. Mashua yake, Lady Alice, yenye urefu wa mita 12 hivi, ilibebwa vipande vipande na wapagazi, ikaungwa ufukweni, na tarehe 8 Machi akaondoka nayo kulizunguka ziwa. Aliporudi Mei, mwenzake Fred Barker alikuwa keshazikwa hapo.

Mwongozaji aliyasimulia hayo vizuri, ila kila mara alisema Wazungu "waligundua" ziwa. Mzee mmoja tuliyemwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", akamkatiza: "Kijana, huyo mgeni wako alipokewa na nani?" Kisha akatueleza juu ya Kaduma, mtawala wa Kageye, na Sungoro Tarib, mfanyabiashara aliyekuwa amekwishalowea hapo, akichuuza pembe na watumwa kabla Mzungu hajafika. Wajerumani walikuja kuweka kituo chao Mwanza mwaka 1892, miaka 17 baadaye.

Dada alikuwa kimya. Mwishowe akauliza, "Hao wapagazi si walianzia kwetu?" Ndiyo, wengi walikuwa waungwana wa Unguja na Mrima, na msafara ulianza kutembea Bagamoyo. Akavua viatu akasimama majini, maji yakimfika kwenye vifundo, akiangalia upande wa Ukerewe. Nilizunguka nikitafuta jina la mpagazi hata mmoja limeandikwa mahali. Sikuliona, na iliniuma.

Nyota nne kati ya tano. Nendeni, ila muondoke alfajiri kabla jua halijawa kali, na mkifika muanze kwa wazee wa kijiji. Sisi tumepanga kurudi Desemba, na safari hiyo mama naye atakuwemo.