Feni ya Arctic P12 ilivyoshusha joto la diski zangu kutoka nyuzi 57 hadi 44

Nahariri video za harusi hapa Dar es Salaam, katika chumba kisicho na kiyoyozi. Kompyuta yangu ina diski tatu za inchi 3.5, zote za mizunguko 7,200 kwa dakika, na humo zimo sherehe za watu ambazo haziwezi kurudiwa. Februari mwaka jana nilifungua CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha joto na hali ya diski, nikakuta diski ya katikati iko nyuzi 57. Programu ilishaiwekea rangi ya onyo. Diski nyingi za aina hii zimewekewa kikomo cha nyuzi 60, na kazi ya kunakili ilikuwa haijafika nusu. Nilishtuka kwelikweli.

Nilianza na wanachofanya wengi: nikavua kava la pembeni, nikaelekezea feni ya mezani. Joto lilishuka, ila baada ya wiki mbili vumbi lilitanda hadi kwenye ubao mama. Nikajaribu kijifeni kinachofungwa chini ya diski, chenye feni mbili ndogo za milimita 40. Kililia kama mbu usiku kucha, na katika mwezi wake wa tatu kikakwama.

Juni nikanunua P12, ya milimita 120, pale Kariakoo kwa shilingi 38,000. Niliifunga mbele ya boksi ivute hewa ya nje na kuipitisha kwenye diski, ambazo nazo nilizitenganisha kwa kuacha nafasi moja wazi kati yao. Kabla ya kukaza skrubu tazama upande: hewa hutokea kule kwenye nguzo za plastiki zinazoshika mota. Mimi niliigeuza, nikalazimika kufungua tena.

Siku za mwanzo sikuelewa kitu. Mchana nikihariri, diski zilikuwa 43. Usiku zikinakili zenyewe, zinapanda hadi 50, wakati chumba kimepoa! Kumbe ubao mama huendesha feni kwa kufuata joto la prosesa. Wakati wa kunakili prosesa imetulia, basi feni nayo inapunguza kasi, ilhali diski ndizo ziko kazini. Niliingia BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya ubao mama, nikaiwekea feni kasi isiyobadilika, kama mizunguko 1,000 kwa dakika. Mwisho wake ni 1,800. Tangu hapo diski ya katikati haijavuka 44, hata Februari hii chumba kilipofika nyuzi 33. Ukinunua feni hii ukaacha mpangilio huo kama ulivyo, utaona haina maana, na utakuwa umeionea.

Usitarajie diski ziwe baridi kuliko chumba, maana feni inahamisha hewa tu. Wavu wa mbele nausafisha kila wiki tatu. Nikichelewa, joto hupanda nyuzi tatu au nne. Kelele hainisumbui, nasikiliza sauti za rekodi nayo ikizunguka.

Kilichobaki ni diski ya nje ninayowekea nakala. Ganda lake ni plastiki tupu lisilo na tundu hata moja, na nikihamisha harusi nzima bado inafika 52 hata nikiisimamisha wima. P12 ya pili nitaifunga kwenye kibao nyuma yake.