Emumbwa za sokoni Kampala: mjamzito asinywe

Katika soko la Owino, emumbwa huuzwa wazi: vijiti vya udongo uliokandwa na majani na magome yaliyotwangwa, vikaanikwa juani. Mama mjamzito hukisugua kijiti kwenye jiwe lenye maji kidogo, kisha hunywa lile tope la kahawia.

Tatizo kubwa ni kipimo. Ukisugua kwa nguvu, dawa inazidi. Ukisugua polepole, inapungua. Kijiti hakina lebo, na vijiti viwili vya muuzaji mmoja vinaweza kuwa na mimea tofauti. Baadhi ya mitishamba hukaza mji wa mimba. Mimba ikiwa changa, inaweza kutoka. Wakati wa uchungu, mkazo ukizidi mtoto hukosa hewa, na mama aliyewahi kujifungua kwa kupasuliwa anaweza kuchanika mji wa mimba.

Halafu huo udongo wenyewe. Unaweza kushika madini ya chuma tumboni, hivyo vidonge vya kuongeza damu (miligramu 30 hadi 60 za chuma kwa siku, pamoja na asidi ya foliki) huenda visifanye kazi vizuri. Udongo unaoliwa na wajawazito umewahi kupimwa ukakutwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na kuchemsha hakuyaondoi.

Tangawizi ya kawaida ya chai kwa kichefuchefu, sawa. Emumbwa, hapana. Kama umeshakunywa, beba kijiti chenyewe kliniki umwonyeshe mkunga. Ukitokwa damu, tumbo likikaza kabla ya wiki 37, au mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali saa hiyo hiyo.