Rafu mbili na bibi yangu: miezi minne katika maktaba ya mkoa, Iringa

Nafundisha darasa la tano katika shule moja hapa Iringa mjini. Tulipokuwa tunaandaa safari ya makumbusho ya Kalenga, ilipokuwa ngome ya Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, mtoto mmoja aliniuliza: "Mwalimu, Wajerumani walichukua kichwa cha Mkwawa. Sasa kilirudije?" Nilikuwa najua mwaka tu, 1954. Zaidi ya hapo sikuwa na neno. Nikamwomba anipe wiki moja, nikaenda maktaba ya mkoa. Wiki ile imezaa miezi minne, na bado nakwenda.

Naandika kwa ajili ya walimu wenzangu, na kwa yeyote anayedhani maktaba ni ya vijana wanaojiandaa na mitihani ya kidato cha nne. Ni kweli hao ndio wanaojaza viti, hasa Juni na Julai baridi ya Iringa inapowasukuma watu ndani. Lakini kuna mambo mle ambayo mtu mzima anayahitaji zaidi.

Kujiandikisha ni jambo jepesi: fomu, picha, mdhamini, ada, basi. Usipotaka kuazima unasoma palepale.

Kilichonigusa ni mkutubi. Nilimwendea na neno moja, Mkwawa, naye akaniuliza, "Unamtafuta kwa tahajia ipi, mwalimu?" Sikumwelewa. Akanieleza kwamba Wajerumani walimwandika Quawa, na wengine huandika Mukwava, karibu na matamshi ya Wahehe wenyewe. Anayetafuta kwa tahajia moja huachwa na habari nyingi. Akaniandikia majina yote matatu kwenye kipande cha karatasi. Hata leo kimo ndani ya daftari langu.

Halafu akanionyesha kwamba mtu huyu mmoja anakaa kwenye rafu mbili. Vitabu hupangwa kwa namba za somo: historia ya Tanzania ina namba 967.8. Fasihi ya Kiswahili iko 896.392, na huko ndiko inakopangwa tamthilia ya M. M. Mulokozi, "Mukwava wa Uhehe", iliyotoka mwaka 1979. Miaka yote nilikuwa nafundisha vita vya Lugalo kama tarehe ya kukariri: 17 Agosti 1891, jeshi la kamanda Mjerumani Zelewski likashambuliwa na Wahehe, naye Zelewski akauawa. Sasa nilikuwa na mezani kwangu historia upande mmoja na tamthilia upande wa pili, nikisoma huku na kule. Historia ilinipa mfululizo: ngome ya Kalenga ilivunjwa Oktoba 1894, Mkwawa akaendelea kupigana porini karibu miaka minne, akajiua Julai 1898 asikamatwe hai. Tamthilia ilinilazimisha kufikiri watu wale walikuwa wanasemezana nini usiku. Mwalimu anahitaji vyote viwili. Mkutubi alinitafutia pia kwenye intaneti makala ya Alison Redmayne ya mwaka 1968 kuhusu Mkwawa na vita vya Wahehe. Imeandikwa kwa Kiingereza, na niliisoma polepole na kamusi pembeni.

Jibu la mwanafunzi wangu nililipata. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofuata Vita ya Kwanza ya Dunia, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Ilipita miaka 35. Edward Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, ndiye aliyelitafuta kwenye makumbusho ya Bremen, katikati ya mafuvu mengi, kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, yule ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Nilikwenda na habari hiyo kwa bibi, mama yake mama, nikijua nitamfurahisha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nilikuwepo."

Alikuwa msichana wa miaka kumi hivi. Walitoka nyumbani kabla ya alfajiri, kwa miguu. Njiani watoto walikuwa wanacheka, mama yake akawanyamazisha: "Leo tunakwenda msibani." Nilikuwa nimesoma kila mahali kwamba ile ilikuwa sherehe, na bibi yangu aliishi miaka yote hii akiikumbuka kama matanga. Kwenye rafu zile mbili sauti yake haimo. Haimo kwa sababu hakuna aliyewahi kuipeleka.

Nilirudi kwa mkutubi nikamweleza. Akavuta kiti. Nikikumbuka saa ile nzima aliyonipa, ndiyo huduma bora kuliko zote nilizowahi kupata katika jengo la umma. Alinifundisha hivi: mwandike bibi kwanza kwa Kihehe alichosema, tafsiri ije baadaye, kwa sababu ukitafsiri kichwani umeshapoteza maneno. Andika amesema nani, wapi, siku gani, mbele ya nani. Picha za zamani ziandike nyuma kwa penseli laini, usitumie kalamu ya wino. Karatasi iliyochanika usiibandike kwa selotepu, maana gundi hugeuka njano na kula karatasi. Wala usiipeleke kwenye leminesheni, kwa sababu ile plastiki haitoki tena. Mimi nilikuwa nimeshakipeleka kwenye leminesheni cheti cha ubatizo cha babu.

Maneno hayo yaliniingia kwa sababu nilikuwa nimeshaumia. Mwaka juzi nilikwenda ofisi moja kutafuta jina la babu katika orodha za vibarua wa barabara, nikaambiwa mafaili yale yaliliwa na mchwa. Nilitoka pale nimenyong'onyea. Mtu alifanya kazi maisha yake yote, na mchwa wamemaliza.

Jambo jingine ambalo sikulijua: anayetaka maandishi yake yawe kitabu anaweza kuomba ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na sheria inamtaka mchapishaji awasilishe nakala kwa Bodi zihifadhiwe. Bodi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Kwa hiyo kijitabu cha kurasa thelathini kutoka kijiji cha Iringa kina haki ya kukaa mahali palepale panapokaa vitabu vya maprofesa. Habari za bibi zimeshafika kurasa kumi na tisa.

Ukienda, panga siku hiyohiyo kupita Boma, jengo la Wajerumani la mwaka 1900 ambalo sasa ni makumbusho ya mkoa. Mimi nilianza na vitabu ndipo nikaenda Boma na Kalenga, na naona huo ndio mpangilio mzuri: unafika mbele ya vitu ukiwa na maswali. Kule Kalenga wanafunzi wangu walisimama mbele ya fuvu kimya, nikawasomea maneno ya bibi. Yule mtoto aliyeanzisha yote akaomba ayanakili.

Bibi amekubali kuja darasani mwezi ujao. Sharti lake ni watoto wamwamkie Kihehe, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya hesabu tunafanya mazoezi ya "kamwene".