Nilimlipa mtu atuonyeshe kigogota, naye akamfukuza

Nilipokaa kuandika haya kwa mara ya kwanza nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilitaka kumshauri kila msomaji asikanyage kabisa katika hifadhi ya Weymouth Woods, jambo ambalo lisingekuwa haki, kwa sababu msitu wenyewe haukutukosea lolote. Aliyetukosea ni mwongoza watalii niliyemkodi kutoka kampuni moja binafsi isiyohusiana na hifadhi, nikamlipa fedha nzuri aniingize mahali ambapo kuingia ni bure.

Mama alikuwa amekuja kunitembelea hapa North Carolina, Marekani, kipindi hali ya hewa ilipoanza kupoa. Mama ni mtu wa Mufindi, Tanzania, na marehemu baba alifanya kazi miaka mingi katika msitu wa kupandwa wa Sao Hill, kwa hiyo harufu ya misindano, yaani misonobari, ni harufu ya nyumbani kwake. Lakini misindano anayoijua yeye hupandwa kwa mistari na kuvunwa kabla haijatimiza hata miaka 30. Nilitaka, kabla hajarudi, aione misonobari iliyoachwa ikazeeka yenyewe. Katika mji wa Southern Pines, ndani ya sehemu moja ya hifadhi hiyo, umesimama msonobari wa sindano ndefu ulioota mwaka 1548, yaani miaka 45 kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa. Mama aliutazama kwa muda mrefu bila kusema neno, na mimi nikaona safari imekwisha kulipa.

Mwongozaji alikuwa ametuahidi kwamba jioni tutamwona kigogota wa misonobari hiyo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ndege huyu ni mdogo, ana mashavu meupe, na hufanya kazi ambayo sijasikia ndege mwingine wa nchi hii akiifanya kwa subira kama hiyo: hutoboa chumba chake ndani ya msonobari ulio hai. Kwa kuwa mti hai ni mgumu, huchagua mzee ambao kiini chake kimekwisha kulainishwa na kuvu, na hata hivyo kazi huweza kumchukua miaka. Kisha hudonoa vishimo kuzunguka mlango ili utomvu uendelee kutiririka, nao humzuia nyoka anayepanda kutafuta mayai. Tuliufikia mti wa namna hiyo jua likielekea kuzama, shina limeganda utomvu mweupe kama nta ya mshumaa, na Mama akautambua mara moja.

Tulisikia sauti yake kwanza. Akaja, akatua kwenye shina la jirani, akaanza kupanda kwa mirukoruko. Tungetulia dakika chache tu angeingia chumbani mwake kulala, lakini mwongozaji alitoa spika mfukoni, akacheza sauti ya kigogota iliyorekodiwa, kwa nguvu, chini kabisa ya mti. Ndege alishtuka, akazunguka juu ya vichwa vyetu akilia, akaenda zake na giza likaingia bila yeye kurudi. Nilipomwomba azime, alijibu kwamba wateja hulipa ili waone, hawalipi ili wasubiri. Mama, kwa Kiingereza chake kidogo, alimuuliza kwa nini anamsumbua kiumbe anayerudi nyumbani kwake. Mtu yule alimwambia mama yangu, mbele ya wageni wengine waliocheka, kwamba yeye ametoka Afrika kwenye simba, kwa hiyo ndege mdogo kama huyu hamhusu.

Neno hilo sijalimeza hadi leo. Misonobari hii iliwahi kufunika takriban ekari milioni 90 za kusini mashariki mwa Marekani, na ilimalizwa kwa shoka na kwa kugemwa utomvu wa kutengenezea tapentaini. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ya kugema ilifanywa na Waafrika waliokuwa watumwa. Mtu anayepata riziki yake kwa kueleza msitu huu hawezi kusema haumhusu Mwafrika. Na ndege aliyemchezea ni yule yule aliyewekwa katika orodha ya walio hatarini kutoweka mwaka 1970, akashushwa daraja moja la hatari mwaka 2024 tu, baada ya watu wengi kumhangaikia.

Kesho yake tulirudi peke yetu, kwa shingo upande kwa upande wangu, maana Mama ndiye aliyeng'ang'ania. Alikuwa na swali ambalo mwongozaji alilipuuza: kwa nini mashina yameungua? Kwa mjane wa mtu aliyetumia kila kiangazi kufyeka barabara za kukinga moto, magome meusi ni habari ya msiba. Mfanyakazi mmoja wa hifadhi alisimama akamweleza bila haraka kwamba wao wenyewe huchoma kwa mpango, kwa sababu bila moto miti ya majani mapana ingeisonga misonobari michanga na mwanga usingefika chini. Alituonyesha mche uliofanana kabisa na kishungi cha nyasi, ambao hukaa hivyo kwa miaka ukipeleka mizizi chini huku chipukizi lake likikingwa na sindano moto unapopita. Mama aliinama akaushika kama anavyoshika mche wa chai.

Kwa hiyo nabadilisha hukumu yangu: nendeni, lakini msikodi mtu. Jioni ile tulisimama mbali, kimya, na vigogota watatu wakaja mmoja mmoja, kila mmoja akaingia kwenye tundu lake. Fedha yangu kampuni ile ikae nayo. Ninachodai ni radhi kwa Mama, na barua mbili nilizowaandikia bado hazijajibiwa.