Sarafu ya shaba ya Bizanti: uanze na ipi?

Wengi wanaokusanya sarafu za Bizanti, yaani dola ya Roma ya Mashariki, huanza kwa kuitamani dhahabu, kisha wanaiona bei. Shaba inashikika, na kwangu mimi sarafu nzuri ni ile inayosomeka. Mng'aro baadaye.

Nambari moja naipa folisi, sarafu kubwa ya shaba, ya kaisari Justin II (565–578). Zilifuliwa nyingi, kwa hiyo bei haitishi. Upande mmoja kaisari na mkewe Sophia wameketi bega kwa bega kwenye viti vya enzi. Igeuze: M kubwa, ambayo kwa Kigiriki ni 40, yaani thamani ya numi 40, numi ikiwa kijisarafu kidogo kabisa cha shaba. Kushoto ANNO ("mwaka" kwa Kilatini), kulia namba ya mwaka wa utawala, chini kabisa mji ilikofuliwa: CON ni Constantinople, NIKO ni Nicomedia, THEUP ni Antioch, iliyopewa jina la Mji wa Mungu baada ya tetemeko la 528. Kama mwaka na mji vyote vimefutika, iache.

Ya pili ni ya Justinian, mwaka XII, yaani wa 12 wa utawala wake (538/539), na michache inayofuata. Hapo kaisari anakutazama uso kwa uso, na folisi inavuka gramu 20, imejaa kiganjani. Naipenda kuliko zote, ila ni ghali na waghushi wanalijua hilo. Ya kwangu ya kwanza ilijaa mchanga wa kahawia kwenye herufi, nikadhani huo ni uzee. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kiliuondoa uzee wote kwa dakika mbili, nikabaki na shaba iliyokwanguliwa. Muuzaji hakupokea simu tena.

Anastasius ni wa tatu. Ndiye aliyeanzisha folisi hii mwaka 498. Kabla yake shaba ilikuwa vijisarafu vya numi moja. Tafuta zile za 512 na kuendelea, zilizoongezwa uzito maradufu.

Heraclius (610–641) mwishoni. Nyingi zilipigwa chapa juu ya sarafu za watangulizi wake, herufi zimepandana. Kwa mgeni ni maumivu ya kichwa. Mwaka wako wa pili wa kukusanya utazifurahia.

Vipande vya K (numi 20) na I (numi 10) ni rahisi, nunua ukivipenda.

Ukiona unga wa kijani hafifu unaobaki kwenye kijiti cha meno, usinunue hata kwa bure: hiyo kutu inakula shaba na kuambukiza jirani zake. Omba picha ya ukingo, uzito kwa gramu, na karatasi ya ilikotoka. Uturuki, kwa mfano, hairuhusu vitu vya kale kutolewa nchini.