Pedi za breki za Spacio: kwa nini niliziacha zile "zisizoisha"

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kwa Toyota Spacio ya familia, inayoshinda kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro na kupanda Iringa likizo zikifika, nilichukua pedi za mbele za Akebono, kampuni ya Japani. Nililipa elfu sabini na tano baada ya kuvutana bei kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar. Zinakamata mapema, hazilii, na rimu zinakaa safi muda mrefu kuliko zamani. Zitaisha mapema kuliko zile ngumu zenye chuma kingi, hilo nalijua, na ndiyo sababu hasa ya kuzichagua. Nitaeleza.

Gari hili nililinunua mkononi kwa mtu, likiwa na pedi ambazo mafundi wote wawili walioliona walizisifu. "Bosi, hizi huzimalizi leo wala kesho," aliniambia mmoja. Alisema kweli. Pedi zilikuwa bado na nyama ya kutosha, yaani ile sehemu ya kusugulia, ila diski (sahani za chuma ambazo pedi huzibana) zilikuwa na mitaro ya kushikika kwa ukucha, na ukingo wa nje umesimama kama mdomo wa sufuria. Asubuhi, gari likiwa bado la baridi, ule mteremko wa kutoka Kimara ulikuwa unataka mguu mzito kwenye breki kabla gari halijakubali kupungua.

Watu wengi tunaponunua pedi swali letu la kwanza ni "zinadumu?" Muuzaji analijua hilo, naye anatujibu tunachotaka kusikia. Lakini katika breki kuna vitu viwili vinavyosuguana, na kimoja lazima kiliwe. Aliyetengeneza gari alikusudia iliwe pedi, kwa kuwa ni ya bei ndogo na kuibadilisha ni kazi ya saa moja. Ukiweka pedi isiyolika, mzigo unahamia kwenye diski, na jozi ya diski mpya za maana niliyoulizia ilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei ya pedi zangu. Kwa hiyo mimi swali langu ni "zinakamata?", halafu "zinaila diski?" La kudumu nauliza mwisho, na nikijibiwa kwamba haziishi kabisa naondoka.

Kuhusu aina, nitasema kwa ufupi kwa sababu maduka yanachanganya sana mambo. Kuna pedi zenye vipande vya chuma ndani yake. Hizo zinavumilia joto na mzigo, lakini hupiga kelele, humwaga vumbi jeusi, na nyingi hazishiki vizuri zikiwa za baridi. Kuna zile zisizo na chuma au zenye kidogo sana, laini, kimya, zinazokamata tangu mguso wa kwanza, ila zikipata joto kali kwa muda mrefu huchoka mapema. Halafu kuna zinazoitwa za seramiki, tulivu na zenye vumbi jepesi, na bei yake iko juu. Neno hilo limegeuka pambo: nimeona boksi la elfu kumi na nane limeandikwa seramiki kwa herufi za dhahabu. Magari ya Japani ya aina ya Spacio, Ist au Raum kwa kawaida hutoka kiwandani na pedi za jamii ile laini, na breki zake zimepimwa kwa msuguano huo. Ukiweka pedi za mizigo kwenye gari la watoto hujaliboresha, umebadilisha tabia yake.

Sasa mtu ataniuliza: na Kitonga je? Swali la haki. Ukitoka Iringa kurudi Dar, ukishapita Ilula, barabara inaporomoka kwenye kona zilizofuatana mpaka chini kabisa kuelekea Ruaha Mbuyuni, na mbele yako kuna malori yanayotambaa. Nikiwa na watu saba na viazi buti zima, nilitaka kujua kama pedi laini zitastahimili. Zimestahimili, lakini sifa hiyo sizipi pedi peke yake. Kwenye Spacio ya otomatiki unazima O/D (ile gia ya juu ya mwendo mrefu) kabla mteremko haujaanza, kwenye kona kali unashusha gia mpaka 2, na injini inalishika gari. Breki unazikanyaga kwa nguvu ya kutosha, kwa muda mfupi, kisha unaachia zipoe. Anayeshuka akiwa kwenye D huku mguu umelala juu ya breki mwanzo mpaka mwisho atazichemsha pedi za aina yoyote, hata za bei ya juu dukani. Harufu ile ya kuungua mnayoisikia pale chini madirisha yakiwa wazi, mara nyingi inatoka kwenye gari la mtu wa namna hiyo.

Na kuna jambo ambalo wauza pedi hawalitaji kwa sababu halimo kwenye boksi lao: mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani taratibu, na yakishanyonya yanachemka upesi. Kiwango cha DOT 3, daraja linaloandikwa kwenye chupa, kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 205, lakini yakishaingia maji kiwango hicho kinashuka hadi nyuzi 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji. Yakichemka yanatoa mapovu, mapovu yanabonyea, na kanyagio linazama mpaka chini bila gari kusimama. Ya kwangu yalikuwa yamekuwa rangi ya chai ya rangi. Nikamwambia fundi ayatoe yote, aweke mapya na kutoa upepo uliobaki kwenye mabomba ya breki ya magurudumu yote manne. Chupa ya nusu lita ilikuwa bei ndogo kuliko chakula cha mchana cha sisi wawili.

Nirudi Gerezani. Nilikwenda na pedi moja ya zamani mfukoni na picha ya kile kibati cha kwenye chumba cha injini chenye namba ya modeli, NZE121. Jina la gari peke yake halitoshi, maana Toyota hubadilisha kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, ndani ya modeli moja kutegemea mwaka na injini. Kitu kingine cha kushika: pedi za mbele za Toyota, namba yake ya spea huanza na 04465, ukiona 04495 hizo ni breki shuu za nyuma, zile zinazosugua ndani ya ngoma. Ukiwa na namba kamili ya gari lako, duka lolote lenye vitabu au simu litaitafutia mbadala wake kwa kampuni nyingine, na hapo mazungumzo yanakuwa mafupi.

Kijana wa duka la kwanza aliweka mezani maboksi matatu. La elfu ishirini, la elfu arobaini na tano, na la elfu tisini ambalo aliapa ni Japani kabisa.

"Nifungulie yote matatu, kaka."

"Bosi, nikifungua si utachukua?"

"Nikiridhika nachukua."

Alifungua mawili. La tisini lilikuwa na boksi zuri kuliko yote, lakini namba iliyochapwa mgongoni mwa pedi haikufanana na ya kwenye boksi, na rangi ilikuwa imemwagikia mpaka kwenye uso wa kusugulia. Nikashukuru, nikaenda zangu. Duka la tatu, la mzee mmoja asiyepiga debe wala kuita wateja, ndiko nilikonunua. Alichukua pedi yangu ya zamani, akailaza juu ya mpya, mgongo kwa mgongo, akaonyesha masikio yanavyolingana. Bei yake ilianzia themanini na tano. Nikamwambia, "Mzee, nipunguzie, ni mteja wa kurudi." Akacheka, tukamaliziana hapo nilipotaja juu.

Vitu nilivyoangalia kabla ya kutoa hela ni hivi. Namba ya mgongoni ifanane na ya boksi. Kile kiulimi chembamba cha chuma kiwepo, kinachogusa diski pedi ikikaribia kuisha na kuanza kulia. Pedi nyingi za bei ya chini hazina, kwa hiyo taarifa ya kwanza utaipata chuma kikisaga chuma. Vibati vya mgongoni vya kuzuia kelele viwepo. Nyama iwe imekamatana na chuma bila ufa hata wa unywele, na kingo zake zisimeguke ukizikwaruza. Hapo kwenye ukingo au mgongoni mara nyingi huchapwa herufi mbili pamoja na namba ya siri ya mtengenezaji, kwa mfano FF. Herufi ya kwanza ni msuguano katika joto la kawaida, ya pili pedi ikiwa ya moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa gari la familia FF inatosha kabisa. Ukiona herufi ya pili ni ya msuguano mdogo kuliko ya kwanza, kama FE, ujue zikipata moto zinalegea. Herufi hizo hazithibitishi ubora, na mgushi naye ana mashine ya kuchapa, lakini pedi isiyo na alama yoyote mwilini mwake siinunui hata ya bure. Zile zinazouzwa Ulaya huwa na alama ya R90, inayodai nguvu ya breki isipishane na ya pedi za kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Ukiikuta ni ya kuaminika zaidi, iwapo boksi lenyewe ni la kweli.

Mbona Akebono na si orijino za Toyota zenyewe? Bei. Orijino zilikuwa karibu mara mbili, na Akebono ni watu wa breki tangu 1929. Wametengeneza mpaka breki za treni za mwendokasi za Shinkansen. Advics nazo ningezichukua bila wasiwasi kama zingekuwepo siku ile. Kampuni hiyo ilizaliwa mwaka 2001 kwa ubia wa Aisin, Denso, Sumitomo na Toyota wenyewe, kwa hiyo ukinunua boksi lao unakaribia sana kiwandani.

Kufunga kulinichukulia umakini kuliko kununua. Fundi wangu wa Kimara ni mzuri wa injini, lakini kwenye breki ana haraka. Nilimwomba mambo machache na nikasimama pale. Diski zipelekwe kwanza kwa mchongaji, baada ya kupima kama unene utakaobaki hautapungua kiwango kilichoandikwa kwenye diski yenyewe. Zilifaa, kwa tabu. Pini za kalipa zivutwe nje, zisafishwe, zipakwe grisi ya breki, kwa sababu pini ikikwama pedi ya ndani inaisha huku ya nje ikiwa mpya. Kabla ya kurudisha pistoni ndani, apunguze mafuta kwenye kikopo cha mafuta ya breki, la sivyo yanafurika na kubabua rangi ya gari. Na vumbi asilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Hujui pedi za zamani zilitengenezwa na nini, na zile zisizo na jina huenda zina asbesto. Kitambaa chenye maji kinatosha. Aliniangalia kama mtu anayesumbua, lakini alifanya. Elfu kumi na tano ya kazi nikampa ishirini.

Kabla ya kutoka gereji, kanyaga breki mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka kanyagio lipande. Pistoni zimerudishwa ndani, na mkanyago wa kwanza huenda ukakutana na hewa tupu. Wiki ile ya mwanzo nilikwepa kufunga breki za ghafla, nikawa napunguza mwendo polepole kutoka 60 hadi 20 kwenye barabara isiyo na watu, kisha naachia zipoe. Mwanzoni zilikuwa na ulaini fulani uliomtia mke wangu mashaka. Baada ya hapo zikatulia, na sasa yeye ndiye analalamika kwamba gari linasimama mno, kwa kuwa mguu wake ulishazoea kukanyaga kwa nguvu.

Ukiwa na Noah inayobeba abiria kutwa, au gari la kuvuta tela, usifuate ushauri wangu. Hapo mchanganyiko wenye chuma una maana yake na diski utazihesabu kama gharama ya biashara. Na ukibadilisha, badilisha pande zote mbili za mbele kwa pamoja, hata kama upande mmoja bado una nyama, vinginevyo gari litavuta upande. Nyuma Spacio yangu ina breki shuu za ngoma. Tulifungua, tukasafisha, tukakaza breki ya mkono, tukazirudisha zilezile. Pedi za zamani fundi aliziomba. Nikamuuliza za nini, akasema kuna mteja wake anatafuta zisizoisha.